Grenada kwa Kalenda ya Wenyewe

Grenada ina wiki yake, na anayepanga likizo bila kuijua wiki hiyo hurudi nyumbani na picha za ufuo peke yake. Ijumaa jioni ni samaki wa Gouyave. Jumamosi asubuhi ni soko la St. George's, mji mkuu. Jumapili maduka yanafungwa, mabasi yanakuwa ya kutafuta, watu wako kanisani, na baadaye wanateremka pwani na sufuria zao. Kungumanga hupokewa na kuchambuliwa siku za kazi. Haya niliyaandika kwenye daftari kabla sijatazama bei ya tiketi yoyote, kwa sababu nilikuwa nampeleka mama yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyelelewa na mikarafuu. Sikutaka aje Karibiani kukalishwa kwenye kiti cha hoteli akitazama bahari. Bahari anayo kwao. Nilitaka aone kisiwa kingine cha viungo kikiwa kazini.

Kabla ya kuondoka

Mwezi ndio wa kwanza kuamuliwa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba. Grenada iko chini kabisa kwenye mnyororo wa visiwa vile, nyuzi 12 tu kaskazini mwa ikweta, na kwa muda mrefu wenyeji waliamini kwamba vimbunga hupita juu yao na kwenda kupiga wengine. Kimbunga Ivan kiliwafutia imani hiyo tarehe 7 Septemba 2004. Tarehe 1 Julai 2024 kikaja Beryl, kikakivunja kisiwa dada cha Carriacou karibu chote. Kwa hiyo Julai mpaka Oktoba niliziondoa mapema. Miezi mikavu ni Januari hadi Mei, lakini tangu Krismasi hadi katikati ya Aprili vyumba huwa ghali, na meli kubwa za utalii humwaga watu bandarini asubuhi moja mpaka mji mdogo wote ukajaa. Nikachukua Mei: mvua bado haijakolea, meli zimepungua, bei imeteremka, na kasa wanapanda kutaga upande wa kaskazini.

Baada ya mwezi, karatasi. Mama alikuwa kwangu Toronto kwa viza ya matembezi na pasi ya Tanzania. Yapo mambo mawili ambayo ndugu zetu wengi huyagundua wakiwa uwanjani. La kwanza, tiketi ya bei nafuu inayopita Miami au New York inataka viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya jengo. La pili, ukitoka Kanada kwenda Karibiani, viza yako ya Kanada lazima iwe ya kuingia mara nyingi. Ya mara moja itakuwa imeshatumika, na hutarudi nayo. Nilisoma stika ya Mama neno kwa neno kabla ya kulipa. Tukachukua ndege ya moja kwa moja, saa tano na ushee angani. Ghali kidogo, lakini mtu wa umri wake hafai kubadilishwa ndege usiku.

Nyumba ya wageni niliitafuta karibu na Grand Anse, yenye jiko. Kwa familia ya Kiislamu jiko ni muhimu kuliko bwawa la kuogelea. Umeme wa kule ni volti 230 na plagi ni zile zile za pini tatu za kwetu, kwa hiyo birika la Mama kutoka Pemba lilisafiri bila adapta.

Jumatano

Tulitua Point Salines mchana. Uwanja unaitwa kwa jina la Maurice Bishop, waziri mkuu ambaye serikali yake ndiyo iliyoujenga kwa msaada wa Wakuba, na ambaye hakuwahi kuuona ukifunguliwa. Marekani ilidai kwamba njia ya kurukia ndefu vile ni ya ndege za kivita. Leo inawashusha watalii na wanafunzi wa udaktari.

Gari zinaendeshwa kushoto kama kwetu. Fedha ni dola ya Karibiani Mashariki, na tangu 1976 dola moja ya Marekani ni sawa na 2.70 za kwao, haipandi wala haishuki. Ukipanga bajeti, huo ni wepesi mkubwa. Dola za Marekani zinapokelewa kila mahali lakini chenji utapewa ya kwao, basi ni afadhali kubadilisha mapema na kulipa kama wanavyolipa wao.

Mama alilala. Mimi nilikwenda Grand Anse, kiasi cha kilomita tatu za mchanga mweupe, nikaogelea, nikarudi. Ufuo ni mzuri kweli, na umeandikwa sana na watu wengine.

Alhamisi

St. George's imejengwa juu ya vilima vinavyoteremka mpaka majini, nyumba zina mapaa ya vigae vyekundu, na bandari ya ndani wanaiita Carenage. Kutoka upande huu wa mji kwenda ule wa pili unapita kwenye handaki jembamba la karne ya 19, Sendall, ambamo gari na waenda kwa miguu wanabanana ukutani. Nilimshika Mama mkono, tukapita haraka.

Basi ndilo lililomfurahisha. Ni vipanya kama vya kwetu, muziki juu, na anayetaka kushuka hugonga bodi kwa vifundo vya vidole. Lakini kinachotangulia ni salamu. Kila anayepanda huwasalimia wote waliomo, na wote huitika, hata vijana wenye vipokea sauti masikioni. Mama akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia wanasalimiana.

"Basi na sisi tusalimie, mwanangu. Sisi ndio tuliokuja."

Akasalimia kwa Kiswahili, akaitikiwa kwa Kiingereza, na bibi mmoja akasogea ampishe.

Tulipanda hadi chini ya kuta za Fort George. Humo ndani, tarehe 19 Oktoba 1983, Bishop na wenzake walipangwa ukutani wakapigwa risasi na wanajeshi wa upande wa wenzao waliokuwa nao kwenye mapinduzi yaliyowaweka madarakani. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakashuka. Miili haijapatikana mpaka leo. Mama alisikia habari ile redioni miaka hiyo bila kujua Grenada iko upande gani wa dunia. Alisimama akaomba dua, tukateremka. Nisingependa mtu aje kisiwani hapa asipite pale.

Alasiri nilimwacha na chai yake, nikapanda mashua hadi ghuba ya Molinere. Chini ya maji Jason deCaires Taylor alianza kuweka sanamu za saruji mwaka 2006. Watoto wameshikana mikono katika duara, na matumbawe yanawaota usoni. Unaziona kwa miwani na mrija tu, bila mtungi wa hewa. Panga asubuhi badala ya alasiri kama mimi. Jua likiinama maji huingia kiza mapema.

Ijumaa

Ni kwa ajili ya siku hii safari nzima ilipangwa. Gouyave ni mji wa wavuvi pwani ya magharibi, chini ya saa moja kwa basi kutoka St. George's, barabara ikipinda pinda juu ya bahari. Tulifika asubuhi ili tupate kituo cha kungumanga mchana na samaki usiku, kwa nauli moja.

Kituo ni jengo kubwa la mbao, mali ya chama cha ushirika cha wakulima wa kungumanga kilichoanzishwa mwaka 1947. Harufu ilitupokea barabarani. Ndani, kina mama wamekaa wakichambua kokwa kwa mkono. Kokwa hutiwa majini: nzito huzama, hizo ndizo za jikoni, zinazoelea ni daraja la chini, hukamuliwa mafuta. Basibasi imetengwa peke yake. Inapotoka kwenye tunda ni nyekundu ya kung'aa, imeikumbatia kokwa kama wavu, na ikikauka inageuka rangi ya chungwa hafifu. Maganda ya kokwa hayatupwi. Humwagwa kwenye njia za bustani, na ukipita juu yake yanalia chini ya viatu.

Mama aliingiza mkono guniani bila kuomba ruhusa. Alinusa. Akaivunja moja kwa meno.

"Hii imekauka kivulini," akasema. "Haikupigwa jua la moja kwa moja."

Nilimtafsiria mwanamama aliyekuwa akitutembeza. Akacheka, akauliza huyu mama ni wa wapi, na kuanzia hapo mimi nikawa mkalimani tu. Walizungumza saa nzima. Karafuu huanikwa wapi? Kwenye majamvi, juani, na mvua ikinyemelea nyumba nzima inakimbilia nje. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mnayafanya nini? Na nyinyi, mkulima analipwa lini? Akaambiwa: analipwa sehemu anapoleta mzigo, na bonasi baadaye chama kikishauza. Mama alitikisa kichwa kwa kuafiki. Kwao karafuu zote hununuliwa na shirika la serikali, na habari ya bei ni habari ya kila baraza, kila mwaka.

Kisha wakafika kwenye miti, na hapo sauti zilishuka. Mkungumanga hukaa miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa, na hufikia nguvu zake ukiwa na miaka kama 20. Mizizi yake haiendi chini sana. Ivan kilipopita, miti iling'oka kilima kizima, na zaidi ya nusu ya iliyokuwepo ikaangamia. Kabla ya siku hiyo Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia peke yake. Tunda lenyewe limechorwa kwenye bendera yao. Watu 39 walikufa, nyumba nyingi mno zilibaki bila paa, na mkulima wa miaka 60 alikuwa anaambiwa apande mti atakaovuna akiwa na miaka 70. Wengi hawakupanda tena. Waliopanda walichanganya na kakao na ndizi, vitu vinavyozaa mapema.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akatoa ya kwao. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika. Ndiyo maana karafuu zikawa za Pemba, na ndiyo maana babu yake babu yake alikuwa na shamba Wete. "Upepo ule ungepinda kidogo tu kaskazini," akamwambia mwanamama yule, "mimi nisingekuwa nimesimama hapa." Nilitafsiri. Yule akamshika mkono na hakuuachia kwa muda.

Mimi nimesoma habari za visiwa vya viungo tangu shule, lakini sikuwahi kufikiri kwamba uchumi wa kisiwa kizima unaweza kuamuliwa na mahali upepo ulipokata kona alasiri moja. Anayekuja Grenada akaishia ufukweni anakosa jambo hili, na ndilo linaloeleza kila kitu kingine anachokiona: kwa nini mashamba mengine ni vichaka, kwa nini mapaa mengi ni mapya, kwa nini kila mtu mzima anahesabu miaka "kabla ya Ivan" na "baada ya Ivan".

Jioni mtaa ulifungwa kwa magari, majiko yakawashwa. Jodari, kamba, keki za samaki, mahindi ya kuchoma, shelisheli la kuchoma. Kwa anayekula halali Gouyave ni raha, kwani karibu kila kitu kimetoka baharini. Uliza tu mafuta yamekaangia nini kabla yake. Mabasi ya kurudi usiku hayana uhakika, kwa hiyo dereva tulipatana naye tangu asubuhi, bei ikajulikana, naye akatusubiri mpaka Mama aliposema basi.

Jumamosi

Sokoni St. George's, mapema. Wauza viungo wanashona mikufu ya kungumanga, karafuu, mdalasini, tangawizi na manjano, ya kutundikwa jikoni. Mama aliziangalia karafuu zao kwa jicho la mwenye shamba na hakununua hata moja. Kungumanga alinunua kilo, zikiwa bado ndani ya maganda, maana zikiwa na ganda hukaa miaka. Akanunua basibasi na jamu inayopikwa kwa nyama ya tunda la kungumanga, kitu ambacho kwetu hutupwa.

Mchana tulipumzika. Chakula tulichukua kwa Marasta wanaopika Ital, vyakula visivyo na nyama kabisa, dengu na mboga za nazi. Nawashauri Waislamu wote wanaokwenda Karibiani walijue neno hilo, litawapunguzia maswali.

Jumapili

Nilikuwa nimeipanga kuwa siku ya kukaa, na kisiwa kikakubali. Mwenye nyumba wetu alituita kwenye oil down, chakula cha taifa, kinachopikwa nje kwa kuni. Ndani yake huwekwa shelisheli, majani ya majimbi, manjano, maandazi ya kuchemsha, na tui zito linaloachwa likauke mpaka mafuta yake yabaki chini ya sufuria. Kwa kawaida hutiwa nyama ya chumvi, mara nyingi mkia wa nguruwe. Nilikuwa nimemweleza tangu siku ya kufika, akapika sufuria nyingine mpya kwa samaki wa chumvi. Sema mapema, bila haya. Watu hawa hufurahi kuulizwa kuliko kuona sahani imeachwa.

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Akaonja.

"Shelisheli la nazi hili! Mmelizidisha manjano tu."

Akamwelekeza namna ya kuliwekea pilipili mbuzi nzima juu, isipasuke, na mwenye nyumba akamwonyesha namna ya kupanga tabaka, mboga juu kabisa. Kila mmoja na lugha yake, na sikuhitajika.

Jumatatu

Kaskazini, kwa gari la kukodi na dereva. Mgeni anayetaka kuendesha mwenyewe hununua kibali cha muda, lakini barabara za milimani ni nyembamba na zina kona za ghafla, nami nilitaka kutazama nje.

Shamba la Belmont linatengeneza chokoleti kutoka mti hadi kipande. Kakao huanikwa kwenye trei kubwa zenye magurudumu, na mvua ikija zinasukumwa chini ya jengo. Mama aliisimamia trei ile kwa muda mrefu, akaisukuma, akaivuta. "Hii ndiyo tuliyoikosa miaka yote," akasema. Wafanyakazi hupita juu ya kakao kwa miguu mitupu, wakiburura nyayo ili kuigeuza. Tukanywa chai ya kakao yenye mdalasini na kungumanga ya kukunwa.

River Antoine, kiwanda cha pombe ya miwa kinachofanya kazi tangu 1785, tulikipitia kwa ajili ya gurudumu lake la maji, ambalo bado linakamua miwa. Hatukuonja chochote, na hakuna aliyetulazimisha. Yanayoelezwa pale kuhusu watumwa waliolima miwa ile ni machache kuliko yanavyostahili. Sauteurs tulisimama juu ya jabali ambalo mwaka 1651 Wakalinago, wenyeji wa kisiwa, walijirusha baharini kuliko kukamatwa na Wafaransa.

Usiku tulikuwa Levera. Ufuo huu hauingiwi usiku wakati wa kutaga ila na waongozaji wenye kibali, na nafasi ni chache. Zetu nilizihifadhi wiki kadhaa kabla. Taa ni nyekundu tu, simu mfukoni. Kasa aliyepanda alikuwa wa aina kubwa kuliko zote, mgongo wake ni ngozi, si gamba, na hatumwoni kwenye visiwa vyetu vya Misali wala Mnemba. Alichimba kwa mapezi ya nyuma, taratibu. Mama alihesabu mayai kwa vidole, kisha akaacha kuhesabu, akasoma dua.

Jumanne

Grand Etang, ziwa katika shimo la volkano ya zamani, mita 530 juu ya bahari, ukungu na baridi ya kutosha kuvaa sweta. Kima wa huku wana asili ya Afrika Magharibi. Waliletwa kwa meli zile zile zilizoleta watu. Hatukukaa sana, mvua ilianza.

Jumatano

Ndege yetu iliondoka mchana. Kungumanga kavu na basibasi tulizitangaza kwa forodha Toronto, afisa akatazama, akaturuhusu. Mbegu mbichi za kupanda hatukubeba. Kila nchi ina sheria zake za mimea, na kwa ugonjwa mmoja tu shamba la jirani linakwisha. Mama alilikubali hilo kwa shida.

Hakuvua hata koti. Alimpigia ndugu yake Wete, kule ni usiku, akamwamsha, akamwambia amtafutie miche ya kungumanga kwa watu wa kilimo Kizimbani kabla ya vuli. Ndugu yake akauliza miwili inatosha? Mama akasema alete kumi, kwa sababu mkungumanga haujulikani dume au jike mpaka utoe maua, na hana umri wa kusubiri miaka saba akaambiwa yote ni madume.